One Piece kwa macho ya Amu: filamu ipi ina bahari, ipi ina fataki tu

Anayetaka kuingia One Piece, hadithi ya Kijapani ya kundi la maharamia wanaosaka hazina, huuliza kwanza kama anaweza kutazama filamu peke yake akaiacha ile katuni ndefu. Hawezi. Filamu ni kumi na tano, ya kwanza ya 2000 na ya kumi na tano ya 2022, na karibu zote ni safari za pembeni: chombo kinatoka njiani, kinatia nanga kisiwa ambacho hakitatajwa tena, watu wanapigana, nanga inang'olewa. Anayetazama filamu tu ni kama abiria aliyepanda boti Shela akashuka Mkunguni, zote hapa hapa Amu (Lamu), kisha akasema amefika Zanzibar.

Tuanze basi na mzigo wenyewe. Eiichiro Oda alianza kuichora hadithi hii katika jarida la Shonen Jump mwezi Julai 1997. Katuni ya Toei Animation ikaanza kurushwa Japani tarehe 20 Oktoba 1999, na kipindi cha 1,000 kikatoka tarehe 21 Novemba 2021. Leo vimepita 1,100. Ukitazama vinne kila siku bila kukosa, vipindi 1,100 vitakuchukua siku 275: ukianza kaskazi ikiingia Desemba, utamaliza kusi ikielekea kwisha. Kila kipindi ni kama dakika 24, lakini hizo si zote za hadithi. Kwenye vipindi vya baadaye wimbo wa kufungulia na marudio ya kilichopita hula dakika nne hadi sita. Ruka hapo bila huruma.

Mwendo huo wa polepole una sababu. Katuni ilikuwa ikitoka kila wiki, na kitabu nacho kila wiki, kwa hiyo watengenezaji walilazimika kuvuta muda ili wasimpite mwandishi. Sura moja ya kitabu, ambayo msomaji humaliza kwa dakika tano, hujaza kipindi kizima. Ndiyo maana sehemu iitwayo Dressrosa imekwenda vipindi 118, kutoka 629 hadi 746, na ndipo mashabiki wengi wa hapa walipoacha, wengine moja kwa moja. Uso uliokunjamana kwa hasira unakaa kwenye kioo mpaka chai inapoa. Toei wenyewe wamelikubali tatizo: wametangaza kwamba kuanzia 2026 hawatazidisha vipindi 26 kwa mwaka. Kwa wanaosubiri kila Jumapili ni habari mbaya, ila kwa atakayetazama baadaye ni rehema.

Sasa tuingie baharini, maana hapo ndipo mtazamaji wa Amu ana neno ambalo wa Nairobi hana.

Chombo cha kwanza cha kundi hili, Going Merry, ni karaveli: tanga la mraba kwenye mlingoti mkubwa na tanga la pembetatu nyuma. Karaveli si ngeni kwenye mwambao huu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, kati ya vyombo vyake kulikuwa na karaveli moja, Berrio, na hapo Malindi ndipo alipopewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Anayeifahamu nguzo yake iliyosimama pale Malindi hatashangaa kuona kwamba katika One Piece kiongoza-njia ndiye mtu wa kwanza nahodha anayemtafuta baada ya mpiga upanga. Nahodha wa kundi, Luffy, ana nguvu za kubomoa ukuta lakini hajui mashariki ni wapi. Tena hawezi kuogelea, kwa sababu ya tunda alilokula. Nahodha asiyeogelea! Watoto wa forodhani, wanaoruka majini kabla ya kujua kusoma, hiki ndicho kichekesho chao cha kwanza, na hakichakai.

Kisa cha Merry ndicho kipimo cha kazi nzima, na kinaanzia sehemu ya Water 7, vipindi vya 229 na kuendelea. Kabla ya hapo chombo kilishavunjika mlingoti, kikaliwa ubavu na mfalme mlafi, kikaangushwa kutoka mawinguni. Usopp, mmoja wa kundi, alikuwa akikitia viraka vya bati na misumari. Kufika kwa mafundi, jawabu likawa moja: mkuku, ule uti wa chini wa chombo, umevunjika, hakitengenezeki. Mashabiki wa bara wengi walikasirika na kuona mwandishi anatafuta machozi tu. Kwa nini usibadilishwe ubao huo mmoja tu?

Fundi yeyote wa Matondoni angewajibu bila kuinua macho kwenye tezo. Mkuku ndio unaolazwa kwanza, na kila ubao na kila taruma hufuata umbo lake. Wimbi likipita chini ya chombo katikati, omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, huning'inia; wimbi likishika ncha mbili, tumbo ndilo linaloning'inia. Kunyanyuka na kushuka huko kote hubebwa na mkuku. Kiraka cha ubavuni kinazuia maji yasiingie, lakini hakirudishi nguvu ya uti wa mgongo. Ukitoa mkuku ukatia mwingine umefumua chombo chote, na utakachokiunga upya ni chombo kingine chenye jina la zamani. Mafundi wa kwenye katuni wanasema maneno hayo hayo, na wanaongeza kwamba hakuna miti miwili inayolingana, basi hata ukifuata ramani ile ile hupati Merry ileile. Oda alifanya kazi yake ya nyumbani. Kipindi cha 312, Merry inapochomwa moto baharini, ndicho kinacholiza wanaume wazima, na haina haja ya kuona haya.

Thousand Sunny iliyofuata ni chombo cha ndoto: milingoti miwili, nyasi sitahani, na mapipa ya soda ya kola yanayotumika kama mafuta. Mapipa matatu hukirusha chombo angani, matano hufyatua mzinga wa omo. Inafurahisha, lakini tangu siku hiyo mabaharia wamepungua kazi. Shida ikizidi, kola. Malalamiko haya utayasikia kwa wenye umri, na yana haki. Jaribu mwenyewe: katika kipindi chochote cha baharini tazama tanga limejaa upande gani, kisha tazama bendera inapepea wapi. Tanga likijaa kwa upepo wa tezi, bendera haiwezi kuelekea tezi. Mchoraji asiyewahi kushika demani, kamba ya tanga, atajulikana hapo.

Linalomfidia ni jinsi alivyojenga safari. Katika Grand Line, njia kuu ya bahari ya hadithi hii, dira ya kawaida haifanyi kazi kwa sababu kila kisiwa kina sumaku yake. Kinachotumika ni Log Pose, dira inayonasa sumaku ya kisiwa ulichopo na kukuonyesha kijacho, na kunasa huko kunataka muda: pengine saa chache, pengine siku kadhaa, na Little Garden ni mwaka mzima. Mgeni huona ni kitu cha kubuni tu. Huku ni jambo la kawaida, maana vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi vilikuwa vikija na kaskazi na kukaa miezi vikingoja kusi ya kurudia, na kukaa huko ndiko kulikoleta kuoana na kujenga miji. Pande zote mbili za Grand Line kuna ukanda wa shwari tupu, bila upepo kabisa. Mwenye kujua tangambili, ule muda kati ya pepo mbili ambapo chombo kinaweza kulala majini siku nzima tanga limelegea, ataelewa kwa nini ukanda huo unaogopwa hata kabla ya kuona wale samaki wakubwa kama vilima.

Filamu, basi. Kipimo changu ni kimoja: je, bahari na chombo vina kazi ndani yake, au ni mandhari ya kupigania tu?

Tatu za mwanzo, za 2000, 2001 na 2002, ni fupi, kama dakika hamsini kila moja, na ni za watoto. Ya tano ya 2004, inayomhusu Zoro, mpiga upanga wa kundi, na upanga wa laana, inamfanya Zoro asiyekuwa Zoro. Ya saba ina kisiwa ambacho kumbe ni kasa mkubwa, na baada ya kulijua hilo huna sababu ya kuendelea. Ya kumi na moja ni nusu saa, ilitengenezwa kuonyesha picha za 3D. Zote hizo ukizikosa hujakosa kitu.

Ya nne, Dead End Adventure ya 2003, ndiyo ningempa mtu wa Amu kwanza. Ni mashindano ya vyombo. Maharamia wanakusanyika mjini kwa siri, dau linawekwa, na mbio zinaanza kwa mkondo unaopanda badala ya kushuka. Kila mshindani anapewa dira ya kudumu inayoelekeza kisiwa cha kumalizia, na hapo ndipo ulaghai ulipo: mmoja wa washindani, Gasparde, mwanamaji aliyeasi, amebadilisha dira hizo ili ziwapeleke wenzake kwenye ngome ya majeshi. Anayeyajua mashindano ya majahazi ya hapa atacheka, kwa sababu anajua mbio hazishindwi kwenye maji. Hushindwa usiku wa kuamkia, mtu anapogusa kamba isiyo yake. Merry ndiyo yenye kazi, upepo una kazi, Nami, kiongoza-njia wa kundi, ana kazi. Pambano la mwisho, ambapo adui amegeuka shira na unga wa ngano ndio unaomkausha, litamkumbusha mtu yeyote aliyewahi kupika halua. Dakika 95, hakuna inayopotea. Itazame ukishamaliza sehemu ya Alabasta, yaani baada ya kipindi cha 130, kwa kuwa Robin, anayejiunga na kundi hapo, yumo.

Ya sita, ya 2005, ndiyo yenye ugomvi mkubwa kuliko zote. Iliongozwa na Mamoru Hosoda, na wakati ilipotoka wengi waliichukia: wahusika hawana vivuli, sura zimechorwa kwa mistari michache, na kinachoanza kama sikukuu ya kisiwani, kuvua samaki wa dhahabu na kurusha pete, kinageuka kuwa kitu cha kutisha. Kundi linagombana, linashukiana, linaliwa mmoja mmoja. Mwenyeji wao, Baron Omatsuri, ni nahodha aliyepoteza mabaharia wake na amekataa kukubali. Miaka ilivyokwenda, waliokuwa watoto wakakua, na leo ukiuliza filamu ipi ya One Piece ni sanaa, hii ndiyo inayotajwa kwanza. Nakubaliana nao kwa sharti. Usiwawekee watoto wa chini ya miaka kumi siku ya Idi kwa sababu jalada lina rangi nzuri. Hawatalala, nawe hutalala. Na usiifanye filamu yako ya kwanza, maana uchungu wake unategemea kwamba tayari unawajua hawa watu wakiwa wanapendana.

Ya nane na ya tisa ni marudio. Ya nane inabana Alabasta, vipindi 39, ndani ya dakika tisini. Kinachobaki ni mifupa ya samaki, tui limemwagwa. Ya tisa inasimulia upya kisa cha Chopper, tabibu wa kundi, lakini imewaingiza Robin na Franky, wenzake ambao wakati huo hawakuwamo, na chombo ni Sunny. Mgeni atachanganyikiwa, mwenyeji atakasirika.

Strong World ya Desemba 2009 ndiyo filamu ambayo Oda aliandika hadithi yake mwenyewe, na tofauti inahisiwa ndani ya dakika kumi. Adui ni Shiki, haramia wa zama za Roger, yule mfalme wa maharamia, mwenye usukani wa merikebu uliokwama kichwani tangu vita vya zamani na panga mahali pa miguu, kwa sababu aliikata mwenyewe kutoroka gerezani. Anaelea, na anaelekeza visiwa vizima viendavyo hewani. Anamteka Nami. Mtazamaji wa haraka huona ni uzuri wake anaotakiwa, lakini filamu inasema wazi: Nami amehisi kimbunga kabla ya vyombo vyote vya Shiki kukiona. Mtu anayeweza kuvielea visiwa bado anaogopa hali ya hewa, na hatimaye hali ya hewa ndiyo inayomwangusha. Hii ndiyo filamu ya rubani. Kwa mwambao ambao rubani wake alivusha watu Bara Hindi, sioni filamu iliyo karibu nasi zaidi. Mahali pake ni baada ya sehemu ya Thriller Bark, kipindi cha 381. Vipindi vya 426 hadi 429 ni vya kujazia vilivyotengenezwa kuitangulia, na si lazima.

Film Z ya 2012 inapendwa zaidi na watu wa makamo. Zephyr, aliyekuwa mwalimu wa wanamaji, ameamua kulipua nguzo tatu za moto chini ya bahari ili bahari yote iungue pamoja na maharamia. Ana mkono wa jiwe la bahari linalodhoofisha waliokula matunda ya nguvu kama Luffy, na ana sababu ambayo huwezi kumlaumu nayo. Luffy anashindwa mara mbili kabla ya kusimama naye. Kosa lake ni mzaha wa kuwafanya baadhi ya kundi warudi utotoni, ambao unaonekana umewekwa kwa ajili ya kuuza sanamu. Itazame baada ya kipindi cha 578.

Gold ya 2016: kasino, dhahabu, nyimbo, macho yanafurahi na kichwa kinapumzika. Inakuja baada ya 746. Tuendelee.

Stampede ya 2019 ndiyo iliyozaa mjadala ambao mpaka leo haujafungwa. Kwa sehemu kubwa ni fujo tupu: tamasha la maharamia, kila uso uliowahi kupendwa unapita kwenye kioo kwa sekunde tano, na jitu liitwalo Bullet halitaki kuanguka. Lakini hazina wanayoigombea ni dira ya kudumu ya Roger inayoelekeza kisiwa cha mwisho kabisa, na juu yake limeandikwa jina la kisiwa hicho, Laugh Tale. Mashabiki walikuwa wakiliandika Raftel kwa miaka ishirini. Wengi walidhani ni kosa la uandishi wa filamu mpaka kitabu kilipothibitisha baadaye. Halafu Luffy anaishika dira hiyo mkononi, anaivunja.

Kuna wanaosema ni ujinga: mtu anatafuta kitu miaka yote, kinaletwa mbele yake, anakiponda. Kuna wanaosema ni heshima, kwamba safari si safari ukipelekwa. Mimi nina hoja ya tatu, ya majini. Dira ya kudumu inaonyesha upande mmoja tu. Haikuambii mwamba uko wapi, mkondo unavuta vipi, maji yanakupwa saa ngapi wala wapi pa kujificha kusi likichafuka. Mwenye kuifuata moja kwa moja bila kupita visiwa vya katikati atafika mahali ambapo hajui lolote, na huko ndiko vyombo huvunjikia. Luffy hakuwaza hayo, tunamjua, lakini alichokifanya ni sahihi hata kwa nahodha mwenye akili.

Film Red ya Agosti 2022 iliingiza zaidi ya yeni bilioni 20 Japani peke yake, na ndiyo iliyowagawa mashabiki wa hapa kama wembe. Waliingia kumwona Shanks, haramia ambaye Luffy anamheshimu tangu utotoni, akipigana, wakakuta tamasha la muziki. Nyimbo saba, zote zimeimbwa na mwimbaji Ado, wakati mazungumzo ya mhusika yanasemwa na msanii mwingine. Mhusika ni Uta, binti aliyelelewa na Shanks, na hila yake ni kwamba anayesikia wimbo wake hulala akaingia dunia aliyoibuni. Kwa hiyo nyimbo ndizo silaha. Anayeruka nyimbo ili afike kwenye ngumi anaruka vita vyenyewe, kisha analalamika hakuelewa.

Makosa yapo. Katikati inazunguka, na wahusika wengi wamekuja kusimama tu. Lakini malalamiko mengi kuhusu Red ni malalamiko kuhusu spika. Spika ndogo za nyuma ya runinga hazina besi, na sauti ya Ado ya juu inakuwa kama bati linalokwaruzwa. Toa waya kutoka tundu la spika za masikioni la runinga, ingiza kwenye redio kubwa yoyote, na utatazama filamu nyingine. Kuhusu wakati: angalau uwe umefika kipindi cha 1030, kwa kuwa 1029 na 1030 vinaeleza utoto wa Uta. Ukitaka usiharibiwe mshangao wa Gear 5, umbo jipya la nguvu za Luffy, ngoja umalize 1071, kilichorushwa mwaka mmoja kamili baada ya filamu, tarehe 6 Agosti 2023.

Kuna raha nyingine ambayo Mjapani hakuikusudia. Uta kwao ni wimbo, kwetu ni upinde wa kurushia mishale. Mwimbaji anayelenga watu, majina yote mawili yanamfaa. Nami kwao ni wimbi, kwetu ni na mimi, na ukisikia Luffy akimwita kwa sauti utadhani mtoto anayeomba asiachwe. Haki kwao ni nguvu ya nafsi. Lakini makoti ya maofisa wa jeshi la majini yameandikwa mgongoni, kwa herufi zao, neno ambalo kwetu ndilo haki hasa. Kwa hiyo mtazamaji wa Kiswahili anaona maharamia wakijifunza Haki, na wanamaji wakiibeba mgongoni mahali ambapo wao wenyewe hawaioni. Sijui kama kuna utani bora zaidi uliowahi kutokea kwa bahati. Halafu yupo Bartholomew, lile jitu linalotembea na Biblia mkononi. Jina lake la pili kwa Kijapani ni mnyama tu, dubu. Kwa Kiswahili halitamkwi mbele ya wazazi. Na katika sehemu iitwayo Egghead, ambako kisa chake ndicho kinachotoa machozi zaidi ya vyote vya karibuni, jina hilo linaitwa mara chungu nzima. Bibi akiwa sebuleni, zima sauti usome.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa, popote unapotazamia.

Ukiona Sanji ananyonya peremende badala ya sigara, rudisha. Hiyo ni tafsiri ya Kiingereza ya kampuni ya 4Kids ya 2004, iliyokatwa hadi vipindi 143 vikawa 104. Kisa cha nyangumi Laboon kimeondolewa chote, na bila hicho hutamwelewa Brook, mwanamuziki wa kundi, atakapofika. Tafsiri ya Kiingereza iliyofuata, ya Funimation, ni nzuri na inafaa kwa anayechoka kusoma. Mimi bado nampendelea Mayumi Tanaka, mama anayempa Luffy sauti tangu 1999, na maandishi chini.

Uso wa Luffy ukiwa mpana kama chapati, runinga yako ndiyo yenye kosa. Vipindi vya 1 hadi 206 vilitengenezwa kwa umbo la 4:3, na 207 ndicho cha kwanza cha picha pana. Kwa vile vya mwanzo weka runinga kwenye 4:3 ukubali mistari myeusi kandoni. Ukifika 207 rudisha 16:9. Filamu za kuanzia Strong World zote ni pana.

Faili likikataa kunakiliwa kwenye flashi yenye nafasi tele, flashi imeumbwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja la kufikia GB 4. Iumbe upya kwa exFAT, ukikumbuka kwamba kilichomo kitafutika, na runinga za zamani sana huenda zisiisome. Picha ikionekana bila sauti, mara nyingi sauti imefungwa kwa DTS ambayo runinga nyingi hazina. Tafuta yenye AAC. Sauti ikisikika bila picha, mara nyingi picha imefungwa kwa H.265 au kwa biti 10 na runinga haiimudu. Maandishi ya chini yakiwa faili la pembeni, jina lake liwe sawasawa na la filamu, tofauti iwe mwishoni tu pale penye srt. Nakala zilizorekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema, zenye kichwa cha mtu kinachopita, usizinunue hata kwa shilingi kumi. Red kwa sauti hiyo ni dhuluma.

Kwa anayetumia Netflix, lile igizo la watu halisi lina msimu wa kwanza wa 2023, wenye vipindi vinane vya karibu saa moja moja. Kwa kipimo cha chini, GB 0.3 kwa saa, msimu huo mzima unakula kama GB 2.4; kwa kipimo cha kati, GB 0.7, ni kama 5.6; ukiacha picha ya HD, GB 3 kwa saa, utafika 24, na bando limekwisha kabla Arlong, adui mkuu wa msimu, hajatokea vizuri. Pakua usiku kwenye Wi-Fi ya mtu. Lilipigwa Cape Town, na Merry ilijengwa kwa ukubwa wake kamili, kwa hiyo kuna kitu cha kutazama hata kwa asiyejali hadithi: angalia mbavu za chombo, angalia mbao za ubavuni zilivyoungwa, angalia kichwa cha kondoo pale omoni, mahali ambapo vyombo vya huku huwekewa jicho.